Kidonge Chini ya Ulimi

Kijijini kwetu Kot Dhanna, mkubwa akikupa salamu ya Fateh unaijibu hata kama umebeba maiti begani. Mwanangu Jagsir hakuijibu. Alipita darajani na baiskeli yake asubuhi, ncha ya kilemba ameizungushia mdomoni, na mimi nimekaa pale na wanaume wa zamu ya ulinzi. Nikamwita kwa sauti, "Fateh, kijana!" Akanitazama, akainua kiganja kidogo, akaendelea kupiga pedali. Hakutoa hata neno moja.

Wanaume wakaangua kicheko.

"Natha Singh, mwanao kawa waziri nini? Hasalimii watu siku hizi."

"Labda jino linamuuma."

"Jino? Meno ya teja yaliisha zamani, bwana."

Huyo wa mwisho alikuwa Lakha, mpwa wa mwenyekiti wa kijiji na mkubwa wetu wa zamu. Kijana wa miaka kama thelathini, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya ngozi vilivyodariziwa nyuzi za dhahabu, fimbo yenye kichwa cha shaba. Yeye ndiye aliyekuwa akitangaza kwenye spika ya gurdwara, hekalu letu la Kisikh, baada ya sala, kwamba kijiji chetu hakitaki muuza unga wala mla unga. Zamu yenyewe ilianza baada ya vijana wawili kufia nyuma ya kinu cha pamba, sindano bado mkononi. Polisi walikuja, wakapiga picha, wakatuambia tujilinde wenyewe. Sasa wao wanalipwa kwa kazi gani, hilo hakuna aliyeuliza. Tukakata fimbo, tukakaa darajani kupekua mifuko ya wapita njia.

Kicheko kilipoisha Lakha alisogea karibu yangu akainama sikioni.

"Baba mkubwa, mimi sisemi kitu. Ila vile vidonge vya kliniki vinauzwa hapa hapa kijijini. Vijana wanavisaga, wanajidunga. Na anayevileta haviweki mfukoni, maana mifuko tunapekua. Anaviweka wapi? Fikiria mwenyewe." Akaligonga shavu lake kwa kidole.

Sikuhitaji kusukumwa. Mimi kliniki ile ya serikali, ya kutibu mateja kule mjini, sikuiamini tangu ilipofunguliwa.

Niseme kwa nini. Miaka mitatu nyuma Jagsir alikamatwa na kijikaratasi cha unga kisichojaa hata ukucha. Inspekta alimpiga uani mwa kituo cha polisi, na mama yake, Chindo wangu, anatazama kupitia geti. Chindo alikwenda pale kila siku. Alikaa juu ya tofali nje ya ukuta, kwenye ukungu wa Januari, na chakula cha mtoto kwenye kitambaa, na kila siku walimwambia kesho. Kifua kikamshika. Hospitali ya wilaya hakukuwa na daktari, daktari alikuwa amekwenda kumpokea mkubwa fulani. Nikamrudisha nyumbani kwa trekta, na hakumaliza wiki.

Kisha mwaka jana wakaja watu wale wale wa serikali, na magari yale yale, wakabandika ubao mbele ya kliniki. Nilisoma darasa la nne tu, lakini ule ubao niliusoma herufi kwa herufi: Uraibu ni ugonjwa, mgonjwa hafungwi, mgonjwa hutibiwa. Na picha ya waziri anatabasamu. Nikasimama pale nikajiuliza, kama leo ni ugonjwa, siku ile pale uani ulikuwa nini? Chindo alikufa kwa kosa gani, kama hakukuwa na kosa?

Kwa hiyo Jagsir alipoanza kwenda huko nilimwambia, "Ndani ya nyumba yangu hakuna mtu atakayekula afyuni ya serikali. Walikuuzia ile ya kwanza, sasa wanakuuzia ya pili."

"Sawa, Baba," akajibu, na akaendelea kwenda. Nilijua. Alikuwa ameanza kunenepa. Alilima pamba kuanzia umande hadi jua kali, jioni akimkamua nyati wetu namsikia anamtania kama binti wa jirani. Hata hilo nililitilia shaka. Mgonjwa gani anayenenepa?

Basi siku ile Lakha na wenzake wawili walikuja nyumbani kabla ya saa sita. Chumbani mna sanduku kubwa la bati alilokuja nalo Chindo siku ya harusi, tunaweka humo mablanketi ya baridi. Lakha hakuligusa. Alisimama mlangoni kwa heshima, akasema, "Baba mkubwa, fungua wewe." Ndiyo, nilifungua mimi. Nilitaka kujua. Katikati ya mablanketi nikakuta bahasha ya dawa, jina la Jagsir juu yake na muhuri wa kliniki, na ndani vidonge.

Jagsir akatokea shambani wakati Lakha ameshainyanyua bahasha juu kila mtu aione.

"Hizo ni dawa zangu za wiki," akasema. "Wamenipa kliniki wenyewe, kwa sababu sikosi siku."

"Na asubuhi ulikuwa na nini mdomoni?" nikamuuliza.

"Hiyo hiyo dawa."

"Dawa mtu anaimeza na maji, anasalimia watu, anakwenda kazini. Wewe umenipita kama mbwa aliyeiba mfupa."

"Baba, hii haimezwi, hii unaiweka—"

Lakha akaipiga fimbo kwenye bati la sanduku, paaa! Nyati akashtuka nje. "Maneno ya mdomoni tutayasikiliza kwenye mkutano wa kijiji," akasema haraka. "Hapa tumekuja kutafuta, tumepata. Leo zinakwenda mferejini mbele ya watu wote."

Jagsir hakugombana. Aliwaacha watoke, kisha akaniambia taratibu, "Baba, bila hizo sifiki keshokutwa."

"Mwanaume huvumilia."

"Wale wawili wa kinuni walivumilia, Baba. Mwili ukishaacha unasahau. Ukirudi na kipimo kile cha zamani, unakufa sindano ikiwa bado ndani. Ndivyo walivyokufa."

"Hayo umeyasoma kwenye ubao wa waziri."

Siku iliyofuata arosto ikamkamata. Miayo hadi taya linalia, pua inatiririka, miguu inarusha blanketi, mbio za chooni. Nilimwekea maji na sukari guru karibu na kitanda nikakaa mlangoni. Niliwaza, huu ni mchezo, anataka nikamwombee kwa Lakha. Asubuhi ya pili kitanda kilikuwa kitupu na baiskeli haipo.

Hapo maneno yake ya kinuni yalinirudia. Sikumpenda waziri zaidi ya jana. Lakini kama yalikuwa kweli, hata kama yalitoka kwenye mdomo wa mwongo, mwanangu alikuwa njiani kwenda kufa.

Sikujua wauzaji wanakaa wapi. Mahali pekee nilipopajua ni kliniki. Nikadandia trekta la jirani lililokuwa linapeleka pamba mjini, nikashuka pale kwenye ubao.

Kwenye baraza kulikuwa na mabenchi mawili yamejaa wanaume. Wenye vilemba, wasio na vilemba, dereva wa lori, mzee mmoja wa makamo yangu, mwalimu niliyemfahamu kwa sura. Wote wameinamisha vichwa. Nikasimama katikati, kama inavyompasa mtu anayeingia penye watu, nikatoa Fateh yote kwa ukamilifu, viganja nimeviunganisha kifuani.

Hakuna aliyejibu. Hata yule mzee! Waliunganisha viganja tu, wakanitikisia vichwa, midomo imebanwa kama mifuko ya ngano iliyoshonwa.

"Mmekuwaje nyinyi?" nikafoka. "Wamewakata ndimi? Mtu anakupa Fateh unamtazama?"

Mlango ukafunguliwa akatoka nesi, mwanamke mnene mwenye miwani, Paramjit, jina lilikuwa kifuani kwake. "Mzee! Mzee, tafadhali, usiwasemeshe watu wangu!"

"Watu wako ndio wasio na adabu?"

"Wana dawa midomoni. Wakiongea wanameza mate, mate yanakwenda na dawa. Ikifika tumboni imepotea bure."

"Dawa ikifika tumboni ndiyo imefika, dada. Unanidanganya mimi mtu mzima?"

"Hii si ya tumboni. Inanyonywa chini ya ulimi, taratibu, mpaka iishe. Ukiona mtu wa hapa ananyamaza, ujue anajitibu. Kama umekuja kugombana, geti lile pale."

Akilini nilimwona tena Jagsir darajani, kile kiganja alichokiinua. Aliiweka dawa mdomoni akiwa barabarani kwa sababu nyumbani nilimkataza. Hata hivyo moyo haukukubali haraka. Nikaanza kuwachunguza mmoja mmoja, nione kama kuna anayekohoa, anayemeza, anayecheza igizo lao. Na mwisho wa benchi la pili nikaona viatu vya ngozi vilivyodariziwa nyuzi za dhahabu.

Mwenye viatu alikuwa amejifunika shuka hadi puani. Nikaivuta ile shuka. Lakha.

Macho yalimtoka. Akainua kidole kimoja, kama mtu anayesema subiri.

"Nisubiri nini?" nikamwambia. "Aa-aa. Leo utanisikiliza. Jana spika ilikuwa yako, leo ni yangu."

Akatikisa kichwa, akashika miguu yangu. Nikaiondoa.

"Ulinigongea shavu, Lakha. Ukaniambia nifikirie. Nimefikiria. Ulijua mwanangu ana nini mdomoni, kwa sababu na wewe asubuhi unayo. Kumbe ndiyo maana ulipiga fimbo kwenye bati la marehemu mke wangu, mtoto asimalize sentensi! Mpwa wa mwenyekiti anakuja kutibiwa kwa pikipiki, mtoto wa Natha Singh anatupiwa dawa mferejini. Hapana, kaa chini. Tema basi! Tema uniite mwongo!"

Hakutema. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu, midomo imebanwa, na yule dereva wa lori pembeni mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokizuia kwa mikono yote miwili. Nesi naye alisimama pale pale. Hakunizuia tena.

Hatimaye akamwambia, "Haya, wewe, fungua. Inua ulimi. Aaa. Imeisha."

"Baba mkubwa, shusha sauti," ndilo neno la kwanza la Lakha. "Nakuomba."

"Jagsir yuko wapi?"

"Nimempita asubuhi barabara ya tanuri la matofali. Huko ndiko wanakouza." Akapangusa uso kwa shuka. "Nilijifanya sikumwona."

"Kwa nini?"

"Angeniuliza ninakwenda wapi."

Sikumpiga, kwa sababu pikipiki ilikuwa yake. Tulikwenda na vumbi la mabua ya mpunga machoni, mimi nimemshika mabega huku nawaza kwamba huyu anaweza kuwa ananipeleka popote. Lakini Jagsir alikuwepo. Alikaa ameegemea safu ya matofali mabichi, baiskeli imelala, matapishi kwenye shati, na mwanamke mmoja wa kubeba matofali alikuwa anammwagia maji kichwani na kumtukana kwa upole, "Kijana mzuri kama huyu, mpumbavu kama huyu." Mwanangu alikuwa anapumua. Nilipomshika mkono akashusha mkono wa shati haraka.

"Umejichoma?"

"Baba, nipeleke nyumbani."

"Nilikuuliza."

"Siyo nyumbani," Lakha akasema. "Kliniki. Haraka."

Tulimweka katikati yetu. Nesi Paramjit alimkalisha kwenye kiti cha ndani, akamulika macho yake kwa tochi, akavuta stuli akakaa mbele yake.

"Jagsir, leo umetumia?"

"Hajatumia," nikasema.

"Sikukuuliza wewe, mzee. Jagsir, sikiliza. Kama una unga mwilini na mimi nikakupa kidonge sasa hivi, kitaufukuza wote kwa mpigo. Utaumwa kuliko arosto yenyewe, na ukitoka hapa utarudi kule kule mbio. Kama huna, nakupa sasa hivi. Sina njia ya kujua ila kwa mdomo wako."

Jagsir akanitazama. Akatazama sakafu. Akanitazama tena.

"Mzee, toka nje," nesi akasema.

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo maana."

Nilitoka. Nilisimama karibu na mlango, lakini walikuwa wanaongea chini chini. Lakha alikuwa amekaa kwenye benchi, sasa tupu, anazungusha funguo za pikipiki kidoleni.

"Vile vidonge," nikamwambia. "Ulivitupa kweli?"

"Watu walishuhudia."

"Walishuhudia bahasha. Vidonge vyote ulivitupa?"

Akatazama viatu vyake. "Mjomba akijua ninakuja hapa ananifukuza, baba mkubwa. Utasema kijijini?"

"Kesho asubuhi wewe utasema nini kwenye spika?"

"Nitasema… nitasema mtu mwenye bahasha yenye muhuri aachwe. Asipekuliwe mdomo."

"Sema kwanza. Kukuamini ni baadaye."

Akawasha pikipiki akaondoka. Mpaka hapo sikujua kama nimepata mtu wa upande wangu au nimempa nafasi ya kwenda kumwahi mjomba wake.

Nesi alifungua mlango. "Atasubiri. Nitampa dawa arosto ikianza yenyewe. Miayo, kamasi, vinyweleo vya mkono vikisimama. Mimi nina watu wengine. Utakaa naye umwangalie?"

Kwa hiyo alikuwa amejichoma. Hakuna aliyelitamka, lakini nililisikia kama kofi.

"Sasa unaita polisi?" nikamuuliza.

"Kwa nini niite polisi?"

"Si ametumia?"

"Amesema ukweli. Nikiita polisi leo, kesho nani ataniambia ukweli?"

Sikumwamini. Nilimkalisha Jagsir sakafuni barazani, mahali ambapo naliona geti vizuri, na kila gari lililopunguza mwendo nilijiandaa kusimama mbele yake. Lilipita la maziwa, likapita la gesi, likapita la polisi lenyewe, nikasimama kabisa, likaendelea na safari zake. Nikanunua chai na mkate wa dengu kwa muuzaji wa getini. Jagsir alishika glasi kwa mikono miwili.

"Kilikuwa kidogo, Baba. Nilipunguza. Niliwakumbuka wale wa kinuni."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshukuru. Nikasema, "Kunywa chai."

"Mama angekuwepo angenitia adabu."

"Mama yako angeanza na yule inspekta. Wewe ungesubiri zamu yako."

Akacheka, chai ikampalia, nikampiga mgongoni hadi akatulia.

Mchana ukageuka. Mabenchi yalikuwa yameachwa wazi muda mrefu, daktari akatoka na mkoba wake, akaingia kwenye gari bila kututazama. Mlinzi akaanza kufunga madirisha. Kisha nesi Paramjit akatokea na funguo, mkoba begani.

"Mzee, tunafunga. Amri ya daktari, muda umekwisha. Mlete kesho asubuhi."

"Kesho?" Kesho. Neno lile lile walilompa Chindo juu ya tofali.

Nilimvuta Jagsir kwa kwapa hadi kizingitini, nikakaa katikati ya mlango wa kliniki, mgongo kwenye fremu moja na miguu kwenye nyingine. Mlinzi akaja na kirungu chake.

"Mzee, inuka. Utaniletea matatizo."

"Funga. Nifunge na mlango wako. Kisha kaeleze kwenye ule ubao kwamba mgonjwa hutibiwa mpaka saa ya kwenda nyumbani."

"Dada, nifanyeje na huyu?"

Nesi alimtazama Jagsir, akatazama barabarani lilikopotelea gari la daktari. Jagsir akapiga mwayo. Mwayo wa pili. Akajikunyata, akajifuta pua kwa mkono. Nikaukunja mkono wa shati lake, kidonda cha asubuhi kikaonekana, sikukitazama. Nilitazama ngozi. Ilikuwa imesimama vinyweleo kote, kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Paramjit," nikamwita. "Njoo uone mwenyewe."

Akaja, akapitisha kidole juu ya ngozi ile, akahema. Akaruka miguu yangu kuingia ndani. Nilisikia funguo, nikasikia kabati. Nilijipinda pale pale kizingitini, sikunyanyuka, nimwone anatoa nini. Alitoa kidonge, akakisaga ndani ya karatasi kwa tako la glasi, kisije kikatolewa mdomoni kikauzwa, jicho moja kwangu, kama mtu anayesaga dawa mbele ya mwizi.

Na mimi nilimtazama vivyo hivyo, mpaka alipomwambia mwanangu ainue ulimi.